Elmu ya bure, na miaka miwili ya kuisubiri

Kwanza kabisa ni elmu, siyo elimu. Naanza na hilo kwa sababu kila nikimwandikia mtu meseji kwamba nimepata elmu mpya, simu inajifanya inajua kuliko mimi inasahihisha, halafu mtu ananijibu hongera sana, umesomea nini tena? Elmu ni mti, wanasayansi wanauita Ulmus, ni mti wa nchi za baridi huko kaskazini mwa dunia, na ukitaka kuutambua haraka chuma jani uangalie pale linapokutana na kikonyo, upande mmoja unaanzia juu kidogo kuliko mwenzake, kama mtu aliyekosea vifungo vya shati. Ukishaliona mara moja hulisahau.

Mimi siyo fundi wa kulipwa. Nina kazi yangu ya kukaa kwenye kiti na kukodolea kioo siku nzima, useremala ni wa wikiendi tu, na hii habari ya kupasua magogo mwenyewe ilianza kwa tamaa moja, nilitaka meza ambayo juu yake ni ubao mmoja mpana, kipande kimoja toka huku mpaka kule, siyo vipande vitano vilivyounganishwa na gundi. Elmu ilinikamata kwa michoro yake. Ukiipiga randa, katikati ya zile pete za mti yanatokea mawimbi madogo madogo kama manyoya ya ndege yaliyolazwa upande mmoja, rangi yake kahawia, na mara nyingine kuna mstari wa kijani umepita humo ndani kama mtu alimwaga kitu. Sasa nenda dukani katafute ubao wa hivyo wenye upana wa nusu mita. Hakuna, au upo na muuzaji anajua vizuri sana ameshika nini.

Na kinachofanya usipatikane dukani ndo hichohicho kinachofanya mie nipate magogo ya bure, yaani ugonjwa. Kuna mbawakawa wadogo wanaotoboa gome la elmu, wanabeba kuvu mwilini, kuvu ikiingia kwenye mishipa ya maji ya mti, mti unajitetea kwa kuziba mishipa yake mwenyewe ili kuvu isisambae. Matokeo yake unajinyima maji. Majani ya tawi moja yanageuka njano katikati ya kiangazi wakati matawi mengine yako kijani kabisa, mwaka unaofuata au hata mwaka huohuo mti wote umekwisha. Wanauita ugonjwa wa Kiholanzi, na watu wanadhani Waholanzi ndo waliuleta, kumbe ni kwamba wanasayansi wa kule ndo walioutambua mwanzoni mwa miaka ya 1920. Bea Schwarz ndo aliyegundua kuvu yenyewe, baadhi ya wanaume wa fani hiyo wakambishia, akaja Christine Buisman akathibitisha kwamba mwenzake alikuwa sahihi, na wote wawili walikuwa chini ya profesa mwanamke pia, Johanna Westerdijk. Hilo huwa halisemwi sana. Baadaye ikaja aina kali zaidi ya kuvu hiyo na Uingereza peke yake ikapoteza elmu zaidi ya milioni 25. Ndo maana mbao pana hakuna, miti mikubwa ilishakufa, na inayochipua kutoka kwenye mizizi ya zamani inakua mpaka gome lake linenepe kidogo tu, mbawakawa wanairudia.

Kwa hiyo nikisema napata gogo, mara nyingi maana yake kuna mti wa mtu umekufa. Sipendi kulifurahia sana mbele ya mwenye mti.

Sasa unazipataje. Siri yenyewe ni ndogo, uwe rafiki wa wakata miti. Siyo urafiki wa kinafiki wa kuomba omba, yaani ujulikane kwamba wewe ukipigiwa simu unakuja leo, unakuja na trela na kamba na mtu wa kukusaidia, na huachi takataka. Mkata miti anataka ile nafasi iwe tupu kabla ya saa kumi jioni, akikaa na gogo la kilo 600 mkononi hilo ni tatizo lake na ukilichukua umemwondolea tatizo. Na elmu ina bahati nyingine, watu wa kuni hawaitaki. Mti kama mwaloni unaupiga shoka unafunguka, elmu nyuzi zake zimesukana, za pete moja zinalala kulia, za nyingine kushoto, unapiga kabari inazama humo na inabaki humo. Mie nilijaribu siku moja kwa ubishi, nikaishia na kabari mbili zimemezwa na gogo, nikalazimika kulikata kwa chenso, ule msumeno wa injini, kuzitoa. Usukano huohuo ndo ulifanya watu wa zamani waitumie kwa kitovu cha gurudumu la mkokoteni, maana unaweza kutoboa matundu ya spoku kuzunguka pande zote na kisipasuke, na kwa makalio ya viti vya Windsor, vile viti vya mbao vya Kiingereza, ambayo miguu yake inapigiliwa kutoka chini. Hata mabomba ya maji ya London zamani yalikuwa mashina ya elmu yaliyotobolewa katikati, kwa sababu elmu ikikaa kwenye maji muda wote inadumu sana. Ila iloweshe leo uikaushe kesho, iloweshe tena, inaoza upesi, kwa hiyo msije mkatengeneza benchi la bustanini mkanilaumu mimi.

Kabla sijalikubali gogo naangalia vitu vichache. Kama gome limeanza kuachia, nalibandua kipande nione chini yake. Utakuta mchoro wa mbawakawa, njia moja nene imenyooka na vijinjia vingi vimetoka pembeni, unaona kabisa tandu amechorwa kwenye mti. Hiyo peke yake hainitishi, wale wanakaa kwenye gome na juu juu tu ya mbao. Kinachonitisha ni mti uliokufa umesimama muda mrefu, ukibonyeza ile sehemu nyeupe ya nje kwa ncha ya kisu kinazama kama kwenye sabuni. Mti uliokufa mwaka jana uko poa. Uliokufa miaka minne iliyopita labda kiini chake tu ndo kitafaa, mara nyingi hata hicho hakifai.

Halafu kuna ishu ya gome na sheria. Sehemu nyingi zina masharti ya kusafirisha elmu yenye gome, kwa sababu ukibeba gogo lenye mbawakawa ukalipeleka kilomita 80 umewapa lifti wanakoenda kuua miti ya watu wengine. Mimi hata pasipo na sharti nalimenya gogo palepale lilipoangushwa, gome linabaki huko huko lishughulikiwe. Ni kazi ya nusu saa na mtaimbo bapa, likiwa bichi linatoka kwa mapande marefu, unasikia raha ya ajabu. Usiache gogo la elmu na gome lake nyuma ya nyumba msimu mzima wa joto. Kama kuna elmu hai mtaa wa pili, wewe ndo muuaji.

Hilo la kuacha gogo nyuma ya nyumba nalijua kwa sababu nililifanya. Gogo langu la kwanza lilikuwa zuri kuliko yote niliyowahi kupata mpaka leo, kipenyo sentimita 70, limenyooka, halina fundo hata moja la maana. Nikaliweka chini ya mti nikasema nitalipasua nikipata muda, muda wenyewe ukapatikana baada ya miezi minne. Ncha zote mbili zilikuwa zimepasuka nyufa za kuingiza vidole, na ndani nyufa ziliingia kama sentimita 25 kila upande, kwa hiyo nusu mita ya gogo imeenda bila mimi kuigusa. Maji yanatoka kwenye ncha za gogo haraka kuliko yanavyotoka ubavuni, ncha zinasinyaa wakati katikati bado kumejaa maji, lazima kitu kiachie. Dawa yake ni nta au hata rangi ya zamani iliyobaki kwenye kopo, unapaka ncha siku ileile mti umekatwa, tabaka mbili nene, dakika kumi. Dakika kumi!

Basi nikalipasua hivohivo, nikazipanga mbao juu ya matofali, nikaweka vijiti vya kutenganisha nilivyookota okota, vingine vinene vingine vyembamba, vinne tu kwa ubao wa mita mbili na kitu, nikafunika na turubai mpaka chini ili zisinyeshewe. Nikaenda zangu. Baada ya mwaka nafungua turubai nakuta pangaboi. Siyo ubao mmoja, zote. Kona moja iko juu ya nyingine kwa sentimita sita na nusu, na upande uliofunikwa sana una ukungu mweupe. Kuna mzee mmoja, fundi wa siku nyingi, nilimwita aje anisaidie mawazo.

“Shikamoo mzee. Mbao zangu zimenigeuka.”

“Marahaba. Ulizipanga lini?”

“Wikiendi iliyofuata baada ya kupasua.”

“Na juu uliweka uzito gani?”

“Turubai.”

Alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia mwanangu, hii mbao unaifunga kama mwizi, siyo unaifunika kama mtoto. Hiyo sentensi nimeiandika kwa penseli ukutani kwenye karakana.

Kwa nini elmu iko hivi? Mbao yoyote inasinyaa zaidi kufuata mzunguko wa pete kuliko kutoka kiini kwenda nje. Kwa elmu ya Marekani, kutoka mbichi mpaka kavu kabisa, ni kama asilimia 9.5 kwa mzunguko na asilimia 4.2 kwa upande wa pili, yaani zaidi ya mara mbili. Ongezea zile nyuzi zilizosukana kila moja inavutia kwake. Ubao wenye upana wa milimita 300 uliopasuliwa ubapa, yaani pete zimelala, unaweza kupungua karibu milimita 28 kama utaukausha mpaka mwisho, ndani ya nyumba haufiki huko lakini unapata picha. Mbao zinazotoka karibu na katikati ya gogo, ambazo pete zake zimesimama wima ukiangalia kwenye ncha, zinatulia zaidi, na ule ubao wa katikati kabisa wenye moyo wa mti ndani yake utapasuka tu hata ufanyeje, kwa hiyo naukata mara mbili natoa moyo, napata mbao mbili nyembamba nzuri badala ya moja pana yenye ufa.

Kupasua kwenyewe sasa. Natumia chenso kubwa, injini ya cc 90, imefungwa kwenye fremu ya bomba inayoteleza juu ya gogo, ile wanayoiita fremu ya Alaska. Mpasuo wa kwanza ndo kila kitu maana gogo halina sehemu iliyonyooka ya kuteleza juu yake, kwa hiyo nafunga ngazi ya aluminiamu juu ya gogo kwa skrubu, nahakikisha imelala sawa kwa pimamaji ncha zote mbili, fremu inateleza juu ya ngazi. Nilichojifunza kwa uchungu ni kupima skrubu zisifike kwenye njia ya cheni. Baada ya hapo kila mpasuo unafuata ule uliotangulia, ukikosea wa kwanza umekosea wote, gogo zima linatoka na tumbo. Cheni nayo siyo ile ya kawaida, ya kawaida meno yake yamenolewa nyuzi 30 hivi kwa ajili ya kukata mti kwa kuukatiza, ya kupasulia inanolewa karibu nyuzi 10, inaenda polepole lakini inaacha uso laini na injini haiteseki sana. Nanoa kila nikijaza mafuta. Watu wanasema natia chumvi, lakini cheni butu kwenye elmu inapinda njia, na unaanza kusukuma, ukishaanza kusukuma chenso simama, kanoe. Kabari za plastiki naziweka nyuma yangu kila nusu mita, ubao usilalie baa, lile bapa refu linalozungukwa na cheni. Na maskio, macho, buti, vyote vivaliwe, na barakoa pia kwa sababu uso wako uko kwenye moshi na unga wa mbao saa nzima.

Harufu nayo, jamani. Elmu nyingi kiini chake kina bakteria wanaokijaza maji, ukifika hapo chenso inarusha maji na unanuka zizi mpaka nyumbani wakukataze kuingia na nguo zile. Ikikauka harufu inaisha, nawahakikishia.

Ubaya wa chenso ni kwamba inakula mbao. Kila mpasuo unageuza kama milimita 9 kuwa unga, mipasuo minane ni milimita 72, hapo umetupa ubao mmoja na nusu wa milimita 50. Msumeno wa bendi, ule wa utepe mwembamba wa chuma wenye meno, unakula milimita 2 au 3 tu. Kwa hiyo maoni yangu, kama gogo ni chini ya sentimita 60 na kuna mtu ana mashine ya bendi inayovutwa na gari, mlipe aje, usijifanye shujaa. Chenso ni kwa gogo ambalo halitoki lilipo au ambalo ni pana kuliko mashine yake. Ila mwulize kwanza kuhusu vyuma, maana wengi miti ya mtaani hawaigusi kabisa, na wana haki.

Gogo langu la pili ndo lilinifundisha hilo la vyuma. Mti wa nyuma ya nyumba ya mtu, mwenye nyumba akaniapia hajawahi kupigilia hata msumari. Labda yeye kweli hajapigilia. Lakini kuna mtu miaka hamsini nyuma alitundika kamba ya nguo, akaweka kulabu yenye nati, mti ukaimeza ukafunga mlango. Nilikuwa katikati ya mpasuo wa tatu nikaona cheche, cheni ikaimba, meno 14 yameenda. Na mie nilikuwa na kifaa cha kusaka chuma, nimekipitisha kabisa gogo zima! Vile vya mkononi vinaona juu juu tu, kulabu ilikuwa ndani sana, kwa hiyo siku hizi nakipitisha upya kila baada ya mpasuo mmoja. Mita mbili za chini za mti wa mjini siziamini hata mwenye nyumba aape kwa nini. Ukiona doa jeusi limetokea kwenye uso wa ubao pasipo na fundo, zima mashine kwanza.

Gogo la tatu nimelifanya kama mtu mzima. Sentimita 60 kwa mita 2.4, nta kwenye ncha saa moja baada ya mti kuanguka, gome nimemenya hapohapo, nimepasua siku ya tatu, mbao za milimita 50, kila moja ikiwa mbichi ni kama kilo 50 kwa hiyo usibebe peke yako. Na hizi hazikulala usiku hata mmoja bila kupangwa. Nilikuwa nimeandaa sehemu wiki moja kabla, boriti sita chini zimesawazishwa kwa uzi, kivulini, upepo unapita ila siyo ule wa kukausha nguo kwa nusu saa. Vijiti vya milimita 25 vya mbao kavu vyote saizi moja, kila sentimita 30, na kijiti cha juu kinasimama juu ya kijiti cha chini mpaka kwenye boriti, kikikosea mstari ubao unapinda hapo. Juu bati, pembeni wazi kabisa. Halafu uzito, matofali ya saruji kama kilo 300, na mikanda ya kukazia mzigo wa lori mitatu. Mikanda nakaza kila mwezi kwa sababu mbao zikisinyaa inalegea, na mkanda uliolegea ni pambo tu.

Ukinifuata na swali la meza za mto wa resini, zile za mbao mbili zilizomwagiwa plastiki katikati kama mto, samahani, sizipendi, na elmu inayopasuka hivi watu wanaona ni nafasi ya kumwaga plastiki. Kila mtu na yake.

Watu wanasema mwaka mmoja kwa kila milimita 25 za unene. Ni kisio tu, lakini kwa milimita 50 linanipa miaka miwili na nimelikubali. Mita ya unyevu ninayo, inachoma sindano mbili juu ya ubao na ndani hujui, kwa hiyo nina njia nyingine ya yule mzee, unakata kipande cha ubao huohuo, unapaka nta ncha zake, unakiweka katikati ya rundo, kila mwezi unakitoa unakipima kwenye mizani ya jikoni na kuandika. Kikiacha kupungua, mbao zimefika pale hewa ya nje inapoweza kuzifikisha, hapo unaziingiza ndani ya nyumba wiki kadhaa bado na vijiti vyake kabla ya kugusa randa. Na randa yenyewe noa mpaka inyoe vinyweleo, kwa zile nyuzi za kwenda na kurudi randa butu inang'oa vipande. Mie namalizia na bapa la chuma la kukwarulia, msasa baadaye kabisa.

Huu ni mwezi wa kumi na tisa. Jumamosi nimekipima kile kipande, kimepungua gramu 6, mwezi uliopita zilikuwa 9. Mikanda nimekaza, ubao wa juu kabisa nimeuangalia kwa jicho moja kutoka ncha mpaka ncha, umenyooka.

Na jana jamaa yangu mmoja wa kukata miti kapiga simu, kuna elmu nyingine ya mtu imekauka, niliichungulia mwaka jana ikiwa na tawi moja la njano. Nikamwuliza imeangushwa lini. Akasema sasa hivi, bado hatujazima mashine. Nikachukua kopo la nta, nikatoka.